Bendera Nyekundu Ukutani

Asubuhi hiyo Mzee Deraman alikwenda sokoni kununua samaki, akajikuta ukutani.

Ukuta wenyewe tulikuwa tumeshauzoea. Wiki mbili nzima ghala kuukuu la reli linalotazamana na soko la Ulu Cherang lilikuwa likivalishwa rangi, maana wakubwa wa mji walichoka kutazama ukungu na matangazo ya dawa ya minyoo. Wakamleta mchoraji kutoka Ipoh, binti wa Kichina aitwaye Yoke Mun, mwembamba, kofia ya ukili kichwani, atuchoree safari zetu toka enzi za mababu: tembo wakiburura magogo, mitumbwi ya mtoni, garimoshi la kwanza, malori ya mbao. Kila asubuhi tulisimama na vikapu vyetu tukimkosoa. Tembo ana miguu mifupi. Mtumbwi umekaa kama kiatu. Sisi hata kuku hatujui kumchora, lakini kukosoa tumejaliwa, na yule binti alicheka tu juu ya jukwaa lake la mianzi, akaendelea na kazi.

Siku hiyo alikuwa ameanza kipande cha katikati, kikubwa kuliko vyote. Bado ilikuwa mistari ya chaki. Kichwa cha garimoshi. Dereva ameinama dirishani, anacheka, mkono nje. Chini yake, kwenye jukwaa la stesheni, kijana mwenye kaptura amenyoosha mkono kumwelekea, na kati ya mikono hiyo miwili pana duara. Miguuni pa kijana kulikuwa na bata. Mzee Deraman aliwahesabu bila kutaka. Walikuwa sita.

Mfuko wa samaki ukamponyoka. Leman muuza samaki, ambaye ulimi wake haujapumzika tangu azaliwe, akapaza sauti kutoka mezani kwake: "Wee, Pak Deraman! Hao nimeshawaua mimi, huna haja ya kuwabamiza tena!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, wala hakuinama kuokota. Yule kijana wa chaki alimtambua kwa masikio, kwa kuwa masikio hayo yeye mwenyewe anayo mpaka leo. Dereva alimtambua kwa namna alivyoegemeza kiwiko. Na bata walimwambia ni siku gani, kwa sababu katika miaka yote aliyofanya kazi stesheni, bata walifunguka mara moja tu.

"Pakcik!" Yoke Mun alimwita kutoka juu, kwa heshima, kama tunavyowaita wanaume walio rika la baba zetu. "Si wewe huyu? Nimeambiwa katika watu wa stesheni ya zamani umebaki peke yako. Njoo unikosoe na wewe, wenzako wote wameshanikosoa!"

Akajibu kwamba ana haraka, ameacha mgonjwa nyumbani. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu wala paka.

Ili umwelewe mzee huyu, lazima kwanza uijue ringi. Reli yetu ni moja, na treni za kwenda na za kurudi zinapita juu ya hiyo hiyo. Zamani, kabla mitambo ya kisasa haijaja, dereva hakuruhusiwa kuingia kipande cha njia kati ya stesheni mbili mpaka awe ameshika kibao cha shaba cha kipande hicho, kimeandikwa majina ya stesheni zote mbili. Kibao kilitiwa kwenye mkoba wa ngozi, na mkoba ukafungwa kwenye ringi kubwa ya henzerani, ili dereva aweze kuidaka kwa mkono hata treni ikiwa inatembea. Akifika stesheni anatoa ringi ya kipande alichotoka. Stesheni Masta anakirudisha kibao ndani ya mashine, anaelewana na mwenzake wa stesheni ya mbele, na mashine inamtolea kibao kingine. Kibao kimoja, treni moja. Na kabla dereva hajaondoka, sheria inamtaka afungue mkoba asome.

Jioni yenyewe ilikuwa ya Desemba, miaka arobaini na minane nyuma, mvua ikinyesha kama haijawahi kunyesha. Treni ya barua iliingia kutoka Batu Tembun, stesheni ya nyuma yetu, saa kumi na moja, imechelewa. Dereva alikuwa Ponnusamy. Deraman alikuwa na miaka ishirini na moja, na kazi yake ilikuwa kupeperusha bendera, kugeuza njia na kubeba ringi. Akaipokea ringi mkononi mwa Ponnusamy, akakimbia nayo ofisini. Stesheni Masta alikuwa kwenye simu anagombana na mtu wa Kuala Jeneris, stesheni ya mbele, juu ya maji yaliyopanda darajani. Akamwonyesha kiganja: ngoja. Mara nje kukazuka kelele. Tenga la bata lilikuwa limepasuka likishushwa, bata wametawanyika mpaka chini ya mabehewa, mwenye bata analia. Deraman akaitundika ringi kwenye kulabu ya mlangoni, akatoka mbio kwenda kuwakamata.

Kulabu ile ilikuwa ya ringi zinazotoka. Kila mtu wa stesheni alilijua hilo kuliko jina la mkwewe: ikining'inia pale, iko tayari, mpe dereva. Deraman alirudi amelowa chapachapa, bata mmoja kwapani, akaiona ringi kwenye kulabu, na akili yake ikamwambia Masta ameshabadilisha kibao. Hakukumbuka kwamba aliyeitundika ni yeye. Akaichukua, akampelekea Ponnusamy, ambaye alikuwa dirishani akicheka mpaka machozi.

"Kijana, sasa oa," Ponnusamy alimwambia. "Kama bata wamekukubali, mwanamke atakushinda wapi?"

Akapitisha mkono ndani ya ringi, akavuta honi, akaondoka. Mkoba hakuufungua.

Masta alitoka ofisini mbio. "Nani kamruhusu yule?"

"Nimempa ringi."

"Ringi gani? Kibao cha mbele sijakitoa! Nimewaruhusu Kuala Jeneris walete treni ya magogo kwanza. Imeshaingia njiani, inakuja!"

Yaliyofuata Mzee Deraman hakumsimulia hata marehemu mkewe. Walikaa ofisini wawili, dakika tisa, wakiitazama saa ya ukutani. Hakuna simu inayoweza kuishika treni iliyokwisha kuingia msituni. Deraman aliomba Mungu aifiche treni moja, yoyote. Kwenye dakika ya tisa Masta akasema taratibu, bila kumtazama: "Hukumpa kitu. Alikataa kutoa ringi aliyokuja nayo, akaondoka nayo kwa ukaidi. Wewe ulimpungia bendera nyekundu. Nina watoto watano, Deraman, na wewe una mama. Bendera nyekundu. Haya, sema."

Akasema. Watu kumi na mmoja walikufa darajani, Ponnusamy na msaidizi wake wakiwamo, na ringi ikachukuliwa na mto. Mbele ya tume ya uchunguzi iliyokaa faragha Deraman aliapa, akasema bendera nyekundu mara tatu, na mjini kukafika uamuzi tu, bila jina la shahidi. Mjane wa Ponnusamy akatolewa kwenye nyumba ya reli mwezi huo huo, kiinua mgongo cha mumewe akanyimwa, akaenda kugema mpira. Mtoto wao Pushpavathi, mwenye miaka minane, shuleni akaitwa binti wa muuaji.

Deraman hakuweza kulistahimili hilo. Akawa anawapelekea samaki, akawaezekea paa, akamnunulia mtoto viatu. Wakamwona mtu mwema. Miaka ikaenda. Masta akafa, mjane akafa, mke wa Deraman naye akafa. Pushpavathi akasoma, akawa muuguzi, akastaafu, na sasa ndiye aliyekuwa akimletea Deraman chakula cha jioni, chapati nyembamba za unga wa mchele na mchuzi wa dengu, kwa kuwa katika mji mzima huyu ndiye mzee pekee ambaye hakuwahi kumtukana baba yake. Za mwizi ni arobaini. Zake Deraman zilifika arobaini na nane, akaanza kudhani zimemsahau.

Usiku wa Jumatatu hiyo hakulala. Pushpavathi alikuwa Klang kwa binti yake aliyejifungua, na angerudi Ijumaa. Basi la Klang linashusha watu mbele ya soko, mbele ya ukuta ule ule. Mzee alilala macho wazi akipiga hesabu zake: leo Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Binti kaichora kutoka picha gani, na ilipigwa na nani? Nani mwingine ameiona? Je, kuna mtu anayekumbuka siku ya bata? Akijua mmoja, wamejua wote. Akijua Pushpavathi, basi. Moyo ulimwenda mbio mpaka akauweka mkono juu yake autulize, kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani.

Asubuhi alikuwa wa kwanza sokoni. Yoke Mun alifurahi kumwona, akashuka jukwaani, akatoa picha yenyewe kwenye bahasha. Ilipigwa na marehemu Foo wa duka la picha, ambaye jioni ile alikuwa stesheni akingojea mzigo. Wajukuu zake ndio walioziokota picha darini.

"Haina tarehe wala jina," binti alisema. "Nimeipenda kwa ajili ya hawa bata. Ila mahali hapa maji yameharibu, tazama. Naona kitu cha mviringo tu, sina hakika. Nikaweka ringi, kwa sababu kwenye picha nyingine mnapeana ringi. Nimekosea, Pakcik?"

Mzee Deraman aliikodolea macho. Pale kati ya mikono miwili palikuwa na doa jeupe, na ukingoni mwa doa mstari mwembamba uliopinda. Hakuna hakimu duniani ambaye angelisoma doa lile. Mlango ulikuwa wazi kabisa: angesema ndiyo, ni ringi, ilikuwa siku kama siku nyingine, chora mwanangu. Watu wangepita na vikapu vyao, wakasema bata wana shingo ndefu mno, mambo yakaisha. Lakini hofu haina akili. Hofu ilimwonyesha ringi na kitu kingine haikumwonyesha.

"Si ringi hiyo," akasema. "Ni bendera."

"Aa! Ya kijani?"

Hata hapo angeponea chupuchupu. Angesema ya kijani. Lakini maneno mawili yaliyokuwa yamekaa mdomoni mwake miaka arobaini na minane yalitoka yenyewe, kwa sauti ile ile ya mbele ya tume.

"Nyekundu. Bendera nyekundu."

Yoke Mun alikunja uso. "Nyekundu si ya kusimamisha? Mbona treni inaondoka? Na mbona dereva anacheka?"

Sasa ikambidi aeleze. Kila jibu lilizaa swali, na kila swali lilimsukuma hatua moja, mpaka akawa ameitaja siku, ameitaja mvua, ameitaja treni ya magogo, daraja na watu kumi na mmoja. Alijisikia akiongea huku anatamani mtu amzibe mdomo. Binti aliweka kiganja kinywani.

"Kwa hiyo ndiyo siku yenyewe hiyo. Na wewe ulikuwa hapa chini, unajaribu kumzuia."

"Nilijaribu."

"Na bata?"

"Bata walikuwapo tu."

Yoke Mun akapanda jukwaani na kitambaa kibichi, akalifuta duara. Mzee Deraman alilitazama likipotea, na kwa muda wa kama kuvuta pumzi moja hivi aliona nafuu. Kisha binti akageuka na kusema kwa furaha kwamba kipande hiki sasa ndicho kitakuwa moyo wa ukuta wote.

Kufikia Alhamisi hapakuwa na mtu Ulu Cherang aliyekuwa hajaiona bendera. Ilikuwa nyekundu kiasi kwamba ukiwa stendi ya mabasi ndiyo unayoiona kwanza, kabla ya treni yenyewe. Kijana aliyeishika alikuwa amepewa mabega ambayo Deraman hakuwahi kuwa nayo. Na Ponnusamy alikuwa amebadilika. Binti, baada ya kusikia habari ile, aliona kicheko hakifai. Akamfumba kinywa dereva, akamkunja paji la uso, akamfanya mtu mkaidi asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mzee alipomwona hivyo alikimbilia nyuma ya ghala asiuone tena uso ule.

Mji nao ukamwangukia kwa mapenzi. Leman alimkatia kipande cha samaki mkubwa akakataa malipo. "Shujaa halipi! Siku zote tunakuona mzee wa kaptura tu, kumbe ulisimama mbele ya treni na kitambaa! Mimi hata mbele ya mke wangu sisimami." Wazee wa mkahawa wa Kichina wakamlipia kahawa. Afisa wa mji akatuma ujumbe kwamba siku ya uzinduzi atakaa safu ya mbele. Kila sifa ilimwingia kama mwiba. Akisikia honi ya treni ya sasa anashtuka mpaka anashika ukuta. Akakutana na watoto wakiwapa bata majina, mmoja wanamwita Pak Deraman, akawafukuza kwa kijiti, kisha akaogopa mtu asije akauliza kwa nini amewafukuza.

Lakini kikubwa alichokiogopa kilikuwa kwenye basi la Klang.

Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini, Yoke Mun alimwita aje amtazamie kijiti cha bendera kama kimekaa sawa. Alikuwa bado amesimama chini ya ukuta basi lilipofika. Akamwona Pushpavathi akishuka, mwanamke wa miaka hamsini na sita, nywele zimefungwa kisogoni, mfuko wa nguo mkononi, uso umechangamka kwa mjukuu mpya.

"Sista Pushpa!" Leman hakuweza kujizuia. "Karibu nyumbani! Hebu mtazame mzee wako alivyotukuka!"

Pushpavathi akatazama. Uchangamfu ukamtoka usoni polepole. Aliuweka mfuko chini, akasogea, akasimama chini ya uso ule uliokunjwa, na ghafla sisi sote tukakumbuka yeye ni binti wa nani, na tukaona haya kwamba tulikuwa tumesahau.

"Huyu ndiye baba?" aliuliza.

Akahamisha macho kwenye bendera, kisha akayarudisha kwenye uso ule.

"Mama alipokuwa akilia, mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia wamemsingizia baba. Mtoto wa miaka minane. Akaniamini, akafa akiniamini." Akamgeukia Deraman. "Kumbe wewe uliona kila kitu. Unakaa kwangu, unakula, nakuhadithia jinsi baba alivyokuwa mwangalifu, hata chumvi alikuwa akiionja mara mbili, na wewe unanyamaza. Nilidhani unamkumbuka. Kumbe ulikuwa unanionea huruma mimi. Hukutaka nijue kwamba alikuona na bendera yako na akapita."

"Pushpa..."

"Hapana, Pakcik. Acha nikushukuru. Umenistahi miaka yote hii."

Akainama, kama wanavyofanya watu wake, Wahindi, kwa mzazi, akanyoosha mkono aiguse miguu yake.

Mzee Deraman alikuwa ameogopa mambo mengi maishani. Aliogopa polisi, jela, ndugu wa wale kumi na mmoja, aliogopa kaburi na malaika wake wawili. Dakika tisa za ofisini alizijua moja moja. Lakini hofu iliyomshika alipouona ule mkono ukiteremka kuelekea vidole vyake ilikuwa kubwa kuliko zote hizo. Akaruka nyuma, akagonga mgongo kwenye jukwaa la mianzi, kopo la rangi likaanguka.

"Usinishike!" akapiga kelele. "Usinishike, mwanangu, sikuwa na bendera!"

Pushpavathi aliinuka. "Unaumwa, Pakcik? Kaa chini."

"Sikuwa na bendera. Ilikuwa ofisini nyuma ya kabati, kavu. Nilimpa ringi. Ile ile aliyonipa, ya Batu Tembun. Niliitundika mwenyewe kwenye kulabu nikaenda kukamata bata, niliporudi nikadhani imebadilishwa. Nikampa. Baba yako hakukaidi kitu. Alipewa ringi, akaenda, kama dereva yeyote. Mengine yote tuliyatunga ofisini, mimi na Masta, wakati treni bado ziko njiani. Na juzi nimemwambia huyu binti achore bendera kwa sababu niliogopa. Ndiyo hivyo. Nimemaliza."

Kisu cha Leman kilikuwa kimesimama juu ya samaki. Mzee alifumba macho, akangoja. Alikuwa amejizoeza kuingoja saa hii: kofi, mate usoni, mayowe, mawe. Alikuwa tayari kwa yote.

Hakuna kilichokuja. Alipofumbua macho, Pushpavathi alikuwa amesimama wima, mikono ameikunja mbele, kama alivyokuwa akisimama wodini mbele ya vitanda. Midomo yake ilikuwa imepauka. Sauti ilipotoka ilikuwa sauti ya muuguzi anayeuliza maumivu yalianza lini.

"Aliufungua mkoba?"

Hilo mzee hakulitazamia. Akajua mara moja linakokwenda, maana yeye ni mtu wa reli na yule ni mtoto wa mtu wa reli. Angeufungua angesoma Batu Tembun, angeshuka, angempigia kelele, wangecheka, na watu kumi na mmoja wangekula chakula cha jioni. Kama hakuufungua, kosa lina upande wa pili, wa dereva. Akatamani kudanganya tena, safari hii kwa ajili ya Pushpavathi, akatafuta uwongo wa kumsaidia, na hakuupata.

"Hapana," akasema. "Hakuufungua."

"Baba alikuwa akifungua kila ringi," Pushpavathi alisema. "Kila moja. Hata aliyopewa na Masta kwa mkono wake. Mama alikuwa akimcheka, anamwambia hata mimi ungenipekua. Mbona siku hiyo hakufungua?"

"Alikuwa anacheka. Kulikuwa na bata, mvua, tulikuwa tumechelewa..."

"Si bata, Pakcik."

Mzee akaona kwamba machozi yameanza kumtoka Pushpavathi bila uso wake kubadilika.

"Hakuufungua kwa sababu aliyempa ni wewe."

Miaka arobaini na minane Mzee Deraman alikuwa ameogopa kila neno ambalo mtu angeweza kumwambia, na hilo hakuwa ameliogopa hata mara moja. Akakaa chini pale pale kwenye rangi iliyomwagika.

Pushpavathi aliufuta uso kwa ncha ya sari, akainua kichwa kwa Yoke Mun, ambaye alikuwa ameganda juu ya jukwaa na brashi mkononi.

"Binti, ifute bendera. Mrudishie baba ringi yake, na acheke kama ulivyomkuta kwenye picha. Mkoba uchore umefungwa."

"Na huyu wa chini, Sista?" Yoke Mun aliuliza kwa sauti ndogo. "Nimfute?"

"Umfute kwa nini? Alikuwapo. Mchore uso wake sawasawa, watu wamjue."

Akaokota mfuko wake, akaenda zake, na sisi tukampisha njia. Yoke Mun alichovya kitambaa kwenye ndoo, akaanza kuifuta ile nyekundu, na maji mekundu yakateremka ukutani. Baadaye akageuka chini, akamwita mzee taratibu, akamwambia anahitaji kuuona uso wake. Mzee Deraman akauinua, akautuliza kadiri alivyoweza, akachorwa.